Daktari anataka kuutoa mshipa mguuni, mama mkwe anasema nimetegewa

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 43, nauza dagaa na samaki wa kukaanga pale Mwaloni, Kirumba. Kazi yenyewe unaijua. Saa kumi na moja alfajiri niko ufukweni nasubiri mitumbwi, na kuanzia hapo ni kusimama mpaka jua lizame. Nimeifanya tangu sijaolewa.

Mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kuvimba nilipobeba mimba ya pili. Mwanzoni ilikuwa midogo, ya kijani, nyuma ya goti, nikaona ni uchovu tu. Kila mimba ikaongeza yake. Sasa imejikunjakunja kuanzia pajani kwa ndani hadi kwenye kigimbi, mingine ina unene wa kidole. Jioni mguu unavimba mpaka kanda za ndara zinaacha alama, na usiku misuli inakaza naamka nikilia. Ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, imekuwa nyeusi, ngumu, inawasha. Siku moja nilijikuna kikatoka kidonda cha ukubwa wa shilingi. Huu ni mwaka wa pili hakijafunga, na sasa kimetanuka upana wa kiganja cha mtoto.

Nimeweka kila nilichoambiwa: spiriti, asali, majani, unga wa vidonge vya rangi mbili. Kinapona nusu, halafu kinarudi.

Hivi karibuni niko bafuni naoga maji ya moto, mshipa mmoja ukapasuka. Shangazi, wala hauumi. Niliona tu maji ya chini yamekuwa mekundu, kutazama mguu, damu inaruka mpaka ukutani. Binti yangu akanifunga kanga chini ya goti, akaikaza kwa nguvu zake zote, tukapanda bodaboda hadi hospitali. Daktari akanishona, akanisimamisha akautazama mguu, akasema: "Mama, huu mguu dawa yake ni upasuaji. Mshipa mkubwa tuufunge kinenani, tuutoe." Akaniandikia altrasaundi, akaita mgonjwa mwingine. Sikuuliza kitu, nilikuwa bado natetemeka. Ile karatasi iko kwenye pochi mpaka leo.

Sasa nyumbani. Mume wangu anasema atakubali nitakavyoamua. Tatizo ni mama mkwe. Yeye anasema kuna mtu sokoni amenitegea na mimi nimekanyaga, na mguu wa kukanyagishwa ukipelekwa kwenye kisu cha hospitali unaoza wote. Mwaka jana alinipeleka kwa mganga ng'ambo ya Busisi, nikachanjwa chale kwenye kigimbi. Sasa anataka turudi awamu ya pili, tena na mbuzi. Wifi naye ana habari za mama mmoja wa Igoma aliyetolewa mshipa akabaki anachechemea. Jirani ananiambia nisubiri kwanza, siku hizi kuna leza, mtu hakatwi.

Naomba unijibu, Shangazi. Wakiutoa mshipa, damu itapita wapi? Inaweza kuishia kwa kukatwa mguu? Nitakaa nyumbani muda gani, maana pale Mwaloni ukipotea wiki mbili mteja ameshahamia meza ya jirani? Na binti yangu, ana miaka 19, ameanza kutoka vimishipa vya buluu nyuma ya goti. Nimemrithisha?

Mama Dagaa, Kirumba

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na mguu, na pole zaidi na makelele yanayouzunguka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukiwa na wasiwasi. Mguu uliouelezea umeshapita hatua ya kupaka na kusubiri. Mshipa uliovimba peke yake mtu anaweza kuishi nao hadi uzee. Ngozi ikishakuwa nyeusi na ngumu, donda likakataa kufunga, na juu ya hayo mshipa ukapasuka, hilo ni suala la daktari wa upasuaji. Toa ile karatasi kwenye pochi, ukapige altrasaundi wiki hii. Upasuaji utaukubali au kuukataa baada ya majibu, ukiwa na akili iliyotulia.

Damu itapita wapi? Hilo ndilo swali la msingi, na nasikitika hukupewa nafasi ya kuliuliza palepale. Damu ya mguuni hurudi kwenye moyo kwa vena za aina mbili. Kuna za ndani kabisa, zilizofichwa katikati ya misuli, ambazo hubeba takribani asilimia 90 ya damu yote. Halafu kuna za juu, zilizo chini ya ngozi, hizo ni wasaidizi tu. Ndani ya vena mna vivalvu vinavyoachia damu ipande na kuizuia isishuke. Mshipa wako mrefu wa juu, ule unaotoka kifundoni kwa ndani hadi kinenani, inaelekea vivalvu vyake vimelegea. Damu inapandishwa vizuri na vena za ndani, ikifika kinenani sehemu yake inaporomoka tena mpaka kifundoni kupitia mshipa huo. Kwa hiyo usiuhesabu kama njia ya kupandisha damu. Kazi hiyo ulishaiacha siku nyingi, sasa unaishusha. Ukifungwa, damu inabaki kwenye njia kuu na mguu unapata nafuu.

Kama bado una shaka, jua hili: madaktari wa moyo wanapomfanyia mtu upasuaji wa kuzunguka ateri za moyo zilizoziba, mara nyingi huuchukua mshipa huohuo kutoka mguu mzima usio na ugonjwa, wakaupandikiza kifuani. Na mtu anatembea.

Nirudi kwenye donda, maana ndilo linalokula hela yako kimyakimya. Damu inayoporomoka hurundikana kifundoni, shinikizo linapanda, maji na chembe nyekundu vinavuja kuingia kwenye nyama. Chuma kilichomo ndani ya damu hiyo ndicho kinachoitia ngozi weusi. Ngozi ya namna hiyo hailishwi vizuri, ukiikuna kidogo inafunguka na haina nguvu ya kujifunga. Spiriti inaiunguza, na unga wa rangi mbili hauna la kufanya pale, kwa sababu chanzo cha donda si wadudu, chanzo ni shinikizo linalotoka juu. Ni kuchota maji mtumbwini huku tundu liko wazi.

Kinachofunga donda la namna hii kwanza kabisa ni bandeji ya kubana, iliyofungwa na mtu anayejua, kutoka vidoleni kupanda hadi chini ya goti. Hapo nataka unielewe vizuri, maana watu hudhani upasuaji ndio unaoponya kila kitu. Uingereza walifanya utafiti uliotolewa mwaka 2004, wagonjwa 500. Nusu walifungwa bandeji tu, nusu walifungwa bandeji wakafanyiwa na upasuaji. Kupona kwa donda kulikaribiana. Tofauti ilikuja baadaye: ndani ya miezi 12, kati ya kila watu 100 waliotumia bandeji peke yake donda lilirudi kwa 28, na kwa waliofanyiwa na upasuaji lilirudi kwa 12. Wewe mwenyewe umeandika "kinapona nusu, halafu kinarudi". Upasuaji kazi yake kubwa ni kwenye huko kurudi.

Lakini usikubali kubanwa bandeji wala kupasuliwa kabla mguu haujakaguliwa sawasawa. Kanda yetu hii ya Ziwa ina watu wengi wenye seli mundu, na seli mundu nayo hutoa madonda palepale kifundoni. Kisukari kinachelewesha kupona. Na kama ateri zinazoleta damu mguuni zimeziba, bandeji ya kubana inaweza kuua nyama. Kwa hiyo sukari ipimwe, damu ichunguzwe, na mtu aweke vidole juu ya unyayo wako asikilize kama mapigo yapo. Usione aibu kuuliza, "Daktari, mapigo ya mguu umeyapata?"

Altrasaundi yenyewe haina maumivu. Kwa tatizo hili mara nyingi utasimama, au utakaa mguu ukining'inia, upakwe jeli, kisha mpimaji akuminye kigimbi na kuachia. Akiminya, damu inapanda na rangi inaonekana kwenye skrini. Akiachia, kwa mtu asiye na ugonjwa huu kila kitu kinanyamaza. Kwako, nadhani, rangi itageuka na utasikia mvumo mrefu wa damu inayorudi chini. Pia ataangalia kama vena za ndani ziko wazi. Hilo ni la lazima, kwa sababu zikiwa zimezibwa na damu iliyoganda, huo mshipa wa juu unaweza kuwa ndio njia iliyobaki, na mpango wote unabadilika.

Nina ombi hapo. Nenda na mama mkwe. Usigombane naye kuhusu kutegewa, hutashinda, na yeye anakupenda kwa njia anayoijua. Mwombe tu akusindikize, mpimaji amruhusu asimame karibu na ile skrini asikie damu ya mkwewe ikiporomoka. Nimeshaona wakwe wagumu kuliko wako wakitoka kwenye kile chumba wakiwa wamepoa. Na kama atauliza ilianza lini, mkumbushe kwamba ilianza na mimba ya pili, na mimba inajulikana kuivimbisha hii mishipa. Kazi ya kusimama siku nzima inaongezea.

La mganga silipaki asali. Chale juu ya mshipa uliovimba ni hatari. Ngozi pale ni nyembamba, damu imejaa kwa shinikizo, na wembe mmoja hutumika kwa watu wangapi hujui. Awamu ya pili haipo. Mbuzi muuze, hela hiyo ina kazi.

Upasuaji wenyewe si majaribio. Mjerumani Friedrich Trendelenburg alikuwa anaufunga mshipa huu tangu karne ya 19. Utapewa ganzi ya mgongo, au nusu kaputi. Daktari anakata kidogo kwenye mkunjo wa kinena, anaufunga mshipa pale unapoungana na vena ya ndani, anapitisha waya mwembamba ndani yake hadi karibu na goti, anauvuta utoke. Yale mafundo ya kwenye kigimbi anayatoa kwa vitundu vidogo, vingine havihitaji hata kushonwa. Wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na utaamrishwa kutembea mapema, maana kulala tu ndiko kunakogandisha damu. Kwa wiki mbili tatu paja litakuwa na vilio vya damu vya zambarau vya kutisha. Usiwapigie simu ndugu.

Kukatwa mguu hakumo katika mpango huu. Miguu inayokatwa mara nyingi ni ya kisukari na ya ateri zilizoziba. Kinachoniogopesha zaidi ni donda kuachwa wazi miaka na miaka, kwani mara chache linaweza hata kugeuka saratani.

Yule mama wa Igoma simjui na sitabishana na wifi yako. Madhara yapo, na nikikuficha nitakuwa sijakusaidia: kidonda cha kinena kupata usaha, ganzi ya kudumu kwenye kipande cha ngozi ya ndani ya mguu kwa sababu neva ya pale inapita jirani kabisa na mshipa, na kwa nadra damu kuganda kwenye vena za ndani. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, mwambie daktari kabla, maana vyenye estrojeni huongeza uwezekano wa kuganda. Mishipa mingine pia inaweza kuvimba miaka ya mbele. Ukiona kigimbi kimevimba ghafla na kinauma, au pumzi inakata na kifua kinachoma, usiku au mchana, ni hospitali moja kwa moja.

Jirani yako wa leza hajakosea. Siku hizi mshipa unaweza kuunguzwa kutoka ndani kwa leza au mawimbi ya redio, ama kuzibwa kwa povu la dawa, kwa ganzi ya sindano palepale mguuni. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unaweka kuunguza kwa joto mbele, povu la pili, kisu cha tatu. Utafiti mwingine wa kwao, wa 2018, wagonjwa 450, ulionyesha kwamba waliozibwa mshipa mapema donda lilifunga kwa siku 56 kwa wastani wa kati, na waliosubirishwa siku 82. Lakini soma hapo vizuri: walioshinda ni waliowahi. Uliza hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando hapo Mwanza, na kama utapewa rufaa ya mbali, uliza gharama yake yote pamoja na nauli na malazi. Ikiwa leza haipatikani kwa uwezo wako, usikae na donda wazi ukiisubiri. Upasuaji wa kawaida unafanya kazi.

Sasa meza yako ya Mwaloni. Kwa kazi ya kusimama hesabu wiki mbili hadi tatu, na donda likiwa bado bichi inaweza kuzidi. Wewe ni mtu wa dagaa, kalenda yako iko angani. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wa dagaa wanapumzisha karabai na soko linapoa. Omba tarehe inayoangukia mwanzoni mwa siku hizo, ili zile siku ngumu za kwanza zisikugharimu sana, na giza likirudi binti ashike meza wewe ukiwa umekaa pembeni unahesabu hela, mguu juu ya ndoo iliyogeuzwa. Waambie wateja wako wakubwa mapema kwa simu. Mteja huhama asipoambiwa.

Kuhusu gharama, kama una bima uliza kabla inalipia nini. Kama huna, omba makadirio kwa maandishi, kisha uende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali kabla hujakata tamaa. Kikoba, sawa. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya mguu, hapana. Utapona mguu uanze kuwakimbia wadai.

Wakati unasubiri tarehe, lala kitanda kikiwa kimeinuliwa upande wa miguuni kwa tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda wa upande huo. Bandeji ifungwe asubuhi kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba, na ikilowa maji ya samaki ibadilishwe. Pale mezani weka stuli. Usipoweza kukaa, inua visigino na kushusha, tembea hatua kadhaa, maana kigimbi kikijikaza ndicho kinachosukuma damu juu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu.

Na mwambie binti alifanya vyema kukuwahisha, ila kanga siku nyingine asiikaze chini ya goti. Ateri inaendelea kuleta damu na kanga inaizuia kupanda, hivyo pale palipopasuka panatoka zaidi. Ulale chali palepale, hata kama ni sakafu ya bafu, mguu uinuliwe juu kuliko moyo, akandamize kwa kitambaa safi dakika kumi au zaidi bila kufunua kuchungulia. Kisha ndiyo bodaboda, na afadhali bajaji, uweze kuunyoosha.

Yeye mwenyewe, ndiyo, hii hali hutembea kwenye familia, ingawa si kila mtoto wa mwenye nayo huipata. Vimishipa vya buluu vya miaka 19 havihitaji kisu wala dawa. Asizoee kusimama saa nyingi pasipo kutembea, uzito ausimamie, na akibeba mimba aanze soksi za kubana mapema kwa ushauri wa kliniki. Ukienda kuonana na daktari wa upasuaji nenda naye, amtazame mguu akiwa amesimama.